Kichwa gani cha risasi kwa elki? Jibu kwa msomaji wa Denver mwenye .30-06

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Denver na familia yangu. Nimepata leseni ya elki jike, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kwa msimu wa mwezi wa kumi, kule milimani magharibi mwa Colorado. Bunduki yangu ni .30-06 ya mtumba, ila darubini ni mpya. Dukani nimekuta risasi zake za kila namna, kwa uzito wa kichwa: greni 150, 165, 180, mpaka 220. Kuna maboksi ya dola thelathini na kitu na mengine yanapita sabini. Kazini mmoja ananiambia nichukue 150 kwa sababu inakimbia, mwingine anasema niuze bunduki ninunue .300 magnum. Nyama italiwa na watoto wadogo, na mimi ni Muislamu, nataka iwe halali. Nichague ipi?"

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa leseni. Bunduki usiuze. .30-06 ilianza mwaka 1906 ikiwa ya jeshi la Marekani, na kwa zaidi ya miaka mia imekuwa ikiangusha elki katika milima hiyohiyo unayokwenda. Kisheria pia umekaa vizuri. Colorado inataka, kwa elki, mtutu usiopungua kaliba .24 (upana wa tundu lake kwa inchi), kichwa cha greni 85 kwenda juu, kiwe cha aina inayotanuka, na kiwe na nguvu ya futi-pauni 1,000 kikifika yadi 100. Risasi yoyote ya kuwindia ya .30-06 inavuka hapo kwa mbali.

Sharti la kutanuka ndilo linaloweza kukunasa. Kwenye maduka na maonyesho ya bunduki utakutana na .30-06 za kijeshi, zenye koti zima la shaba mpaka puani, na bei yake inavutia. Hizo ni za kulenga shabaha tu. Kichwa cha namna hiyo hupita ndani ya mnyama kama kilivyoingia, tundu lake ni dogo, mnyama anaondoka na kwenda kufa mahali usipopajua. Kule kwetu kwenye vitalu vya uwindaji risasi ngumu zina kazi yake, kwa tembo na nyati. Kwa elki hazina kazi, na kisheria Colorado ni kosa kuzitumia.

Nikisema kichwa, namaanisha kile kipande kinachotoka mtutuni na kumfikia mnyama. Ganda na fataki vinabaki kwako, baruti inaungua. Namba zote kubwa zilizoandikwa juu ya boksi, kasi, nguvu, kaliba, zinaeleza safari ya kichwa hewani. Mnyama anauawa na kinachotokea baada ya hapo: nusu mita ya ngozi, msuli, mbavu na mapafu, na pengine mfupa wa bega njiani. Mimi huchagua risasi kwa ajili ya hiyo nusu mita.

Mjue basi mnyama mwenyewe. Elki jike aliyekomaa ana kilo kama 225, dume hufika 320 na zaidi. Kwa kipimo cha nyumbani, jike umuweke karibu na dume la tandala mkubwa. Dume lake linampita tandala lakini halimfikii pofu. Ana mifupa mizito ya bega na msuli mnene shingoni na kifuani. Tena ni mnyama mvumilivu. Elki aliyepigwa mapafu yote mawili anaweza kusimama palepale akikutazama, au akatembea mita mia polepole kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha ndipo aanguke. Mwindaji aliyezoea swala hudhani amekosa.

Halafu fikiria mahali utakapomkuta. Asubuhi anaweza kuwa ng'ambo ya uwanda wa majani, mita 300 kutoka ulipo. Mchana wa siku hiyohiyo ataingia kwenye msitu mzito wa misonobari, na mkikutana humo mtakuwa mmeachana mita 40, huku amesimama kimshazari kwako, bega likiwa mbele. Risasi iliyomo chemba ni ileile. Kwa mita 40 kichwa kinagonga kikiwa bado na kasi ya mita 790 na kitu kwa sekunde, na kinaweza kukuta mfupa. Kwa mita 300 kichwa hichohicho cha greni 180 kimeshuka mpaka mita 650 hivi kwa sekunde, na kinakuta mbavu na mapafu laini. Kule karibu kinatakiwa kisivunjike, kule mbali kinatakiwa kifunguke. Ugumu wote wa kutengeneza kichwa cha kuwindia uko hapo, na tofauti ya bei unayoiona dukani chanzo chake kikubwa ni hicho.

Kichwa cha kawaida kimejengwa kwa vitu viwili: kiini cha madini ya risasi, ambayo ni mazito na laini, na koti jembamba la shaba. Pua ikigonga, madini yanakunjuka kurudi nyuma, koti linapasuka kufuata, na kichwa kinapanuka mfano wa uyoga, kipenyo chake kikikaribia mara mbili. Kikigonga mfupa kikiwa na kasi kubwa, koti na kiini huweza kuachana. Vipande vinatawanyika, kila kimoja ni chepesi, hakuna kinachofika kwenye pafu la pili. Watengenezaji wamepambana na tatizo hilo kwa miaka mingi. Core-Lokt ya Remington, ambayo ipo tangu 1939, ilinenepesha koti katikati ili libane kiini. Kwa .30-06, kwa kuwa kasi yake ni ya wastani, Core-Lokt ya greni 180 bado inafanya kazi kwa elki aliyesimama ubavu. Asikwambie mtu kwamba boksi la bei ya chini haliui. Linaua, ila linakunyima nafasi: ukiwa nalo inabidi umsubiri mnyama asimame vizuri, bega lisikae njiani.

Hatua kubwa ilikuja baada ya vita kuu ya pili. John Nosler alikwenda kuwinda musi, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mkubwa kuliko elki, huko British Columbia, Kanada, mwaka 1946, akampiga musi mkubwa kwa bunduki ya .300 H&H yenye vichwa vya kawaida, na vichwa vikawa vinapasukia juujuu bila kuzama. Akarudi karakana akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, kikiwa na vyumba viwili vya madini. Chumba cha mbele kinafunguka na hata kikiliwa chote si neno, kwa sababu ukuta unazuia na chumba cha nyuma kinaendelea kusukuma. Hicho ndicho Partition, kinauzwa tangu 1948 na mpaka leo sioni aibu kumpa mtu yeyote. Ukichuna ngozi ya upande wa pili na kukuta kivimbe kigumu chini yake, ukikipasua kwa ncha ya kisu unatoa kitu kifupi chenye shingo: mbele masikio ya shaba yamekunjuka, nyuma shina zima lenye alama za mistari ya mtutu. Ukikipima, cha greni 180 mara nyingi kimebaki na theluthi mbili za uzito wake. Hiyo theluthi iliyopotea ilifanya kazi mapafuni, na zilizobaki zilifanya safari.

Njia ya pili ni kuunganisha kiini na koti kwa joto au kemikali mpaka viwe kitu kimoja. AccuBond ya Nosler na Fusion ya Federal ni za ukoo huo. Fusion naitaja kwa makusudi, kwa sababu bei yake iko kati na ubora wake ni wa kutegemewa. Swift A-Frame imechukua vyote viwili, ukuta na kuunganishwa, hubaki na karibu uzito wote. Ni kichwa kigumu sana; kwa jike naona ni zaidi ya unachohitaji.

Njia ya tatu ni kuacha kabisa madini ya risasi. Randy Brooks wa kampuni ya Barnes alitoka na kichwa cha shaba tupu mwishoni mwa miaka ya 1980: pua ina tundu, ikigonga inachanika na kufunguka petali nne, na kwa kuwa hakuna koti wala kiini, hakuna cha kuachana. Kinabaki na karibu uzito wake wote, na kwa kawaida kinatokea upande wa pili. Siku hizi vingi vimewekwa ncha ya plastiki puani inayosaidia kufunguka hata kasi ikipungua.

Rafiki yako wa 150 hajakosea kusema inakimbia. Inatoka kwa mita kama 887 kwa sekunde, 180 inatoka kwa 823. Lakini kasi hiyo inamtesa mwenye kichwa cha kawaida. Kichwa chepesi, chenye koti jembamba, kikigonga bega la elki kwa mita 40, hapo ndipo vipande vinapotawanyika, na bega zima linakuwa damu iliyoganda isiyolika. Wapo wawindaji wanaotaka kichwa kipasukie ndani, wakisema kinaangusha haraka. Ni kweli kwa mnyama aliyesimama ubavu, kichwa kikipita kati ya mbavu. Ila wewe hujui atasimamaje. Kwa ajili ya elki, 150 ya madini ya risasi iache, hasa zile zenye ncha ya plastiki zilizotengenezwa kwa paa wadogo. Na 220 iache pia: ni nzito na butu, inaanza polepole, ikipita mita 200 inashuka mno.

Kwa shaba tupu hesabu ni nyingine. Kwa kuwa hakipotezi uzito, kichwa cha shaba cha greni 165 au 168 kinazama sawa na 180 ya madini ya risasi au kuipita. Tena shaba inapenda kasi ili ifunguke, kwa hiyo usipande uzito, shuka daraja moja. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa chake ni kirefu zaidi kwa uzito uleule, na si kila mtutu unakipenda. Mitutu ya .30-06 kwa kawaida mistari yake ya ndani, inayokizungusha kichwa, ina mzunguko mmoja kila inchi kumi, na hiyo inatosha bila shida.

Na rafiki wa magnum? .300 Winchester Magnum ni silaha nzuri, imekuwepo tangu 1963. Inaongeza umbali kwa anayeweza kuutumia umbali huo. Lakini kwa karibu, kasi yake inaadhibu kichwa dhaifu zaidi kuliko .30-06, kwa hiyo mwenye magnum ndiye anayelazimika kununua maboksi ya bei kubwa. Na teke lake ni kubwa. Mtu mgeni akilipata mara chache begani anaanza kufumba macho na kukaza mwili kabla hajafyatua, na tabia hiyo ikishaingia ni kazi kuitoa. Elki wengi wanajeruhiwa kwa sababu hiyo kuliko kwa udogo wa kaliba.

Sasa watoto wako, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Kichwa cha madini ya risasi kikifunguka kinaacha chembe, nyingine ndogo kiasi kwamba jicho na ulimi havizigundui. Picha za eksirei za wanyama waliopigwa na za nyama ya kusaga zimeonyesha chembe zikiwa mbali na tundu lenyewe. Madini haya ni sumu kwa ubongo wa mtoto anayekua na kwa mimba, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. California imepiga marufuku kuwindia risasi za namna hiyo tangu Julai 2019, kilio kikubwa kikiwa tai aina ya kondori wanaokula matumbo yaliyoachwa porini. Colorado haijakataza, uamuzi ni wako. Ukitumia Partition au Fusion, kata nyama kwa upana kuzunguka njia ya kichwa, tupa yote yenye damu iliyovilia, na nyama ya eneo hilo usiipeleke kwenye mashine ya kusaga. Kwa nyumba yenye watoto wadogo watakaokula mnyama huyu majira yote ya baridi, mimi ningechagua shaba, na tofauti ya bei nisingeihesabu.

Kuhusu uhalali, mambo ya fiqhi kamuulize sheikh wako kabla ya msimu. Mimi nasema yanayogusa risasi. Bismillahi unaitaja unapofyatua. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaikubali risasi kwa kuwa inatoboa na kujeruhi, haiui kwa uzito wa kugonga kama fimbo au jiwe. Ukimfikia akiwa bado na uhai wa kweli, unamchinja. Ukimkuta amekwisha kufa kwa jeraha lako, ni windo lako. Kwa hiyo beba kisu chenye makali, na ukimkaribia pita upande wa mgongoni. Miguu ya elki anayetapatapa inavunja mfupa wa mtu.

Basi uchaguzi wangu kwako: shaba ya greni 165 au 168 yenye ncha ya plastiki, kama Barnes TTSX. Mtutu wako ukiikataa, chukua Partition ya 180, au Fusion ya 180 kama mfuko umebana. Nasema mtutu ukiikataa kwa sababu bunduki za mtumba zina tabia zake. Kabla ya kujaribu shaba safisha mtutu mpaka kitambaa kitoke bila rangi ya kijani, maana mabaki ya koti za zamani yanaweza kuharibu kundi lako, yaani jinsi matundu yanavyokaa pamoja kwenye karatasi. Kisha piga tatu kwa mita 100 juu ya meza, mtutu ukiachwa upoe kila baada ya risasi. Zikikaa ndani ya sentimita tano, imetosha. Usihangaike kutafuta zipite tundu moja. Moyo na mapafu ya elki ni eneo la upana wa sinia, na kwa kazi hiyo nipe kichwa kinachoshikana sentimita tano na kuzama kuliko kinachoshikana mbili na kupasuka.

Ukiweka shabaha yako kwa mita 200, basi kwa mita 300 kichwa kitakuwa kimeshuka zaidi ya sentimita 20. Ukipanda mpaka mita elfu tatu kutoka usawa wa bahari hewa ni nyepesi na kushuka kunapungua kidogo, lakini usijenge mipango yako juu ya hicho kidogo. Umbali wako wa mwisho hauandikwi kwenye boksi. Ni ule ambao, ukiwa umekaa chini au umeegemea fimbo tatu kama tunavyofanya vitaluni, huku unahema kwa kupanda mlima, risasi zako zote zinaingia kwenye kile kipimo cha sinia. Kwa msimu wa kwanza, kwa mtu anayeanza, mimi ningeweka mpaka kwenye mita 200, na 250 kwa aliyefanya mazoezi ya kutosha. Meza ya uwanja wa shabaha hutaibeba mlimani, kwa hiyo ukishapata kundi lako, iache na ufanye mazoezi ukiwa umekaa.

Siku yenyewe, akisimama ubavu, fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele kupanda juu mpaka theluthi ya kimo cha mwili wake. Hapo umepata mapafu na sehemu ya juu ya moyo, na bega limesalimika. Akiwa amesimama kimshazari na kichwa chake kinatazama mbali na wewe, usiangalie ubavu wa upande wako. Tafuta mguu wa mbele wa upande wa pili na uelekeze risasi itokee pale. Akikuonyesha makalio tu, mwache. Hakuna kichwa cha kununuliwa kitakachorekebisha hilo.

Ukishafyatua, vuta boliti palepale, jicho likiwa kwenye darubini, na akiwa bado amesimama mpige tena. Usimwonee huruma ya kusubiri. Akiondoka, weka alama mahali aliposimama kabla hujapiga hatua, ndipo uanze kutafuta damu. Manyoya ya elki ni mazito na hunyonya, matone ya kwanza huweza kuonekana mita nyingi mbele, na ndiyo maana napenda kichwa kinachotokea upande wa pili: tundu mbili zinaacha njia inayosomeka.

Unaponunua, anza na boksi moja moja la kujaribu. Ukishajua bunduki inapenda nini, rudi dukani mapema, kabla rafu hazijawa tupu mwezi wa tisa, uchukue maboksi matatu yenye namba moja ya toleo, ile iliyopigwa muhuri ubavuni. Mawili ya mazoezi, moja la mlimani. Ukikosa namba inayolingana, usiende na boksi jipya bila kulipiga tena kwenye karatasi.